Maswali ya Wasomaji: Kupiga Picha Paris

SWALI: Nitakaa Paris siku tatu, nami sitaki kurudi na picha za Mnara wa Eiffel ambazo kila mtu anazo. Nielekee mitaa gani?

JIBU: Anzia Montmartre mara tu jua linapochomoza. Simama kwenye uwanja mdogo wa Place Dalida, ukitazama upande wa juu wa mtaa wa Rue de l'Abreuvoir, na utaona njia ya mawe ikipinda na kupanda hadi La Maison Rose, nyumba ya rangi ya waridi yenye madirisha ya kijani, huku kuba jeupe la kanisa la Sacré-Cœur likichungulia nyuma ya mapaa. Subiri mpita njia mmoja tu aingie kwenye picha. Mtaa mtupu hupooza.

Rue Crémieux nayo ina nyumba za rangi za kupendeza, lakini mwaka 2019 wakazi wake, waliochoshwa na wapiga picha, waliiomba manispaa iufunge mtaa jioni na mwisho wa wiki. Kwa hiyo usikalie vizingiti vyao.

Ukishindwa kuukwepa Mnara, basi upigie chini ya daraja la Pont de Bir-Hakeim, katikati ya nguzo za chuma. Taa za usiku za Mnara zina hakimiliki, hivyo picha za biashara huhitaji kibali.