Jibu: Wikendi ya kwanza haitoshi kupima filamu

Habari ndugu. Umeuliza kama filamu ya mfululizo ikifungua kwa kishindo basi imeshafaulu na sehemu inayofuata ni ya uhakika. Hapana. Wikendi ya kwanza inapima hamu yetu mashabiki, tunaokata tiketi kabla hatujasikia filamu yenyewe ikoje. Anza na wikendi ya pili. Mapato ya The Marvels ya 2023 yaliporomoka kwa takriban asilimia 78 kule Marekani, ukilinganisha na wikendi ya kwanza. Top Gun: Maverick ya 2022 ilishuka kama asilimia 29 tu, ikaishia kuvuka dola bilioni 1.4 duniani, na ilikuja miaka 36 baada ya ile ya kwanza! Hapo watu walikuwa wanaambiana, nenda kaione.

Halafu linganisha mapato na bajeti, ukikumbuka kumbi za sinema hubaki na karibu nusu ya tiketi, na gharama za matangazo kwa kawaida hazimo kwenye bajeti inayotajwa. Trela siiamini, hata itazamwe vipi.

Kuhusu hofu yako kwamba filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu zimeshachosha watu, sikubaliani. Deadpool & Wolverine ya 2024 ilipita dola bilioni 1.3. Kinachochosha ni hadithi inayokudai umalize kwanza tamthilia mbili tatu ndipo uielewe.