Gari la namba za Kenya, dereva wa Himo

SWALI: Mhariri, shemeji yangu anayeishi Nairobi aliingia nchini kupitia Holili na gari lake la namba za Kenya, akapewa kibali cha muda. Kazini wamemwita ghafla, amerudi kwa basi na kuniachia funguo na karatasi zote ili nimpeleke mama mkwe kliniki KCMC. Je, naruhusiwa kuliendesha hadi kibali kiishe? Na tukielewana bei, naweza kulinunua hapa hapa?
Msomaji, Himo

JIBU: Ndugu msomaji, kwa hali ilivyo, usilitoe barabarani. Gari hilo halijasajiliwa Tanzania wala kulipiwa ushuru hapa. Limeingia kwa msamaha wenye masharti, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kwa kuwa aliyekuja nalo ni mgeni anayetarajiwa kuondoka nalo. Sharti likivunjwa, ushuru unadaiwa na gari linaweza kukamatwa. Ukisimamishwa pale njia panda, jina la kwenye kibali litalinganishwa na leseni yako, na barua ya shemeji, hata ikiwa na mhuri wa wakili, haiwezi kuchukua nafasi ya ruhusa ya forodha. Ruhusa hiyo aiombe yeye mwenyewe, kwa maandishi, na kama anataka kuongezewa muda aombe kibali kikiwa bado hai. Kwa kliniki ya wiki hii, kodi teksi.

Bima nayo husahaulika. Bima ya Kenya peke yake haitoshi huku. Inatakiwa Kadi ya Njano ya KOMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), yaani bima ya gari inayovuka mipaka, ambayo Tanzania inaitambua ingawa ilijitoa KOMESA mwaka 2000, au bima iliyokatwa hapa nchini. Soma tarehe zake, maana kadi huweza kuisha kabla ya kibali.

Kuhusu kununua, gari lililo chini ya kibali haliuzwi kabla ya kulipiwa kodi Tanzania, na ushuru uliolipwa Mombasa hauhesabiki. Mamlaka ya Mapato itakadiria thamani, kisha itatoza ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine, ndipo lisajiliwe kwa namba ya T. Gari lililopita miaka 8 tangu litengenezwe hutozwa zaidi, na hapo ndipo bei ya kishemeji huwa ghali kuliko ya yadi. Tumia kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya Mamlaka kabla hujampa hata shilingi ya kishika uchumba.