Faili la timu lisikae kwa mtu mmoja

Jamani hili la mafaili kwenye Teams, ile programu ya Microsoft ya kuchati na kufanya kazi pamoja, naomba niliseme maana limeshatuumiza. Mwenzetu aliacha kazi, tukamuaga vizuri tu, akaunti yake ikafutwa. Kama wiki sita baadae mteja anataka orodha ya bei tulizokubaliana, tunaingia kwenye chati, jina la faili tunaliona kabisa ila ukibonyeza halifunguki. Watu watatu siku nzima tunatafuta, mwisho tukapata nakala kwenye imeili ya mhasibu, tena sio ile ya mwisho, ikabidi tupige hesabu upya usiku.

Ndo nikajua kwamba faili ukilituma kwenye chati ya kawaida linakaa OneDrive ya aliyetuma, yaani hifadhi yake binafsi ya mtandaoni, nyie wengine mmepewa ruhusa tu ya kulifungua. Akaunti yake ikifutwa, kama admini, yaani msimamizi wa mfumo, hajabadilisha setingi, OneDrive yake inabaki siku 30 halafu inafutwa. Ila ukilipandisha kwenye chaneli, yaani ile sehemu ya mada moja ndani ya timu, linaingia SharePoint ya timu, hifadhi ya pamoja, mtu akiondoka lenyewe lipo. Hata wale wa Google Drive angalieni hilo, kitu kilichopo My Drive ni cha mtu, cha timu kiwekeni kwenye Shared drives.

Kwa hiyo sisi sasa hivi faili la kazi linapandishwa kwenye chaneli kwanza, kwenye chati unatuma linki. Wiki ya kwanza watu walinuna, nawaelewa, lakini nilikuwa kila nikiona faili limetumwa kwenye chati namfata mhusika mezani kwake tunalihamisha pamoja, na mpaka leo sijaona njia nyingine inayofanya kazi, tangazo peke yake halitoshi.

Chaneli nazo zilikuwa 23 na sisi tuko tisa, wateja peke yake walikuwa na chaneli nne, hujui uulize wapi. Tukabaki na sita, zote zina jina la kazi, hakuna yenye jina la mtu. Chaneli za siri msizifungue ovyo, kila moja inakuwa na sehemu yake ya mafaili ambayo wengine hawaioni hata wakisechi, sisi tumeiacha ya mishahara tu.

Majina ya mafaili anzeni na tarehe, mwaka mbele, mfano 2025-03-14 bei za mteja, yatajipanga yenyewe. Na msihangaike kuhamisha kila kitu cha miaka yote, mtachoka mtaacha katikati, hamisheni mnayotumia sasa, mengine tupieni kwenye folda moja muiite Zamani.

Mtu akitoa notisi, kaeni nae kabla ya siku ya mwisho mfungue OneDrive yake, kuna folda inaitwa Microsoft Teams Chat Files, pitieni faili moja moja. Sisi kwa aliyefuata kuondoka ilituchukua saa moja na nusu, tukakuta mikataba miwili ambayo haikuwepo sehemu nyingine yoyote.