Kalori za ugali na mchicha wa nazi, hesabu iko hivi

Mkuu umeuliza utajuaje kalori zako wakati nyumbani mnapika sufuria moja wote. Usianze na sahani, anza na vitu vikavu kabla havijapikwa. Sembe gramu 100 ina kama kalori 360, kwahiyo ukisonga nusu kilo hapo una 1800, maji hayaongezi kitu hata uweke mengi vipi. Ugali ukiiva pima na sufuria yake afu toa uzito wa sufuria tupu (ipime kabla, wengi wanasahau hii), tuseme imebaki kilo moja na nusu, basi kila gramu 100 ni kalori 120, ukikata gramu 400 umekula 480.

Mboga ni hivyohivyo ila hapo ndo penye wizi, maana mchicha wenyewe hauna lolote ila mafuta kijiko kikubwa kimoja tu ni kama 120, na kwetu watu wanamimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu, bado tui zito hujaligusa. Mwombe anayepika apime kwa kijiko kwanza. Na zile app zinazoandika "ugali sahani 1" achana nazo, sahani ya nani?