Maswali ya Wasomaji: Binti Yuko Würzburg, Rejeta Aiwashe Lini?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Kirumba, Mwanza. Mwanangu wa pili aliondoka mwishoni mwa Agosti kwenda kusomea shahada ya uzamili mjini Würzburg, Ujerumani, na amepanga chumba katika nyumba anayoishi pamoja na wasichana wawili wa huko. Sasa Septemba inakwisha, na kila jioni ananipigia simu akiwa amejifunika blanketi hadi kidevuni. Wenzake wamekataa kuwasha rejeta, yale mabamba ya chuma ya ukutani yanayopasha nyumba, kwa sababu Oktoba haijafika, na kwa sababu ankara ya mwaka uliopita iliwaumiza. Yeye ni mgeni, anaona haya kulalamika. Nilimwambia avumilie, lakini mimi mwenyewe usiku sipati usingizi. Je, ipo tarehe ya kuwasha? Na akiwasha, afanyeje ili gharama isimwelemee?
Mama mwenye wasiwasi, Kirumba

JIBU: Mama yetu wa Kirumba, shikamoo. Naomba nianze na lile ulilomwambia, maana hapo ndipo ninapotofautiana nawe: asivumilie. Baridi tunayoizoea sisi wa kando ya ziwa ni ya saa chache. Hata katika kipupwe cha Juni na Julai, usiku unaposhuka hadi nyuzi 15 au 16, ikifika saa nne asubuhi jua limekwisha kupasha mabati na mawe, na sweta zinavuliwa. Vuli ya Ujerumani haina huruma hiyo. (Neno lenyewe linatuchanganya, kwa kuwa kwetu vuli ni mvua za kuanzia Oktoba hadi Desemba, na kwao ni majira ya majani kupukutika.) Kuanzia tarehe 22 au 23 Septemba usiku huanza kuwa mrefu kuliko mchana, jua hupita chini zaidi angani kila siku, na ukuta uliokwisha kupoa haupati tena jua la kutosha kuupasha. Mtu aliyeketi karibu na ukuta huo husikia baridi hata kama hewa ya chumbani si mbaya, kwa sababu mwili wake unaupa ukuta joto lake bila yeye kujua.

Tarehe ipo, ila ni ya mazoea. Nchini Ujerumani msimu wa kupasha nyumba huhesabiwa kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, na mikataba mingi ya upangaji hufuata hesabu hiyo. Maana yake ni kwamba katika miezi hiyo mwenye nyumba anapaswa kuhakikisha mitambo inafanya kazi, na mahakama za huko kwa kawaida zimetarajia vyumba vifikie nyuzi 20 hadi 22 mchana. Haimaanishi kwamba kabla ya Oktoba mpangaji amekatazwa kupata joto. Nchi nyingine zimekuwa kali zaidi katika jambo hili: Italia imegawa nchi kwa kanda za hali ya hewa, hivyo Milan huruhusiwa kuanzia Oktoba 15 na Roma husubiri Novemba 1, na mjini Beijing joto la pamoja, linalotoka kwenye mitambo ya mji hadi majumbani, huanza kwa kawaida Novemba 15. Warusi hawatazami kalenda bali anga. Mitambo ya mji hufunguliwa pale wastani wa joto la nje unapobaki chini ya nyuzi 8 kwa siku tano mfululizo. Mimi naipenda mantiki hiyo ya Warusi, ingawa nyuzi 8 ni kuchelewa mno kwa binti aliyekulia Kirumba.

Kwa hiyo nashauri anunue kipimajoto kidogo kinachoonyesha pia unyevu wa hewa, akitundike kwenye ukuta wa ndani, usawa wa kifua, mbali na dirisha na mbali na rejeta. Kikisoma chini ya nyuzi 18 asubuhi na jioni kwa siku mbili mfululizo, awashe, iwe Septemba au iwe Oktoba. Namba hiyo sikuiokota njiani: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, lilitaja nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini kilicho salama kwa watu wa kawaida katika majira ya baridi, na kwamba wazee, watoto na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi. Mwanafunzi anayekaa saa nne mezani bila kusogea atahitaji karibu nyuzi 20. Kipimajoto kina faida nyingine ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko ya kwanza: kinamwondolea haya. Mgeni anayesema “nasikia baridi” ataambiwa kwamba atazoea, lakini mgeni anayeonyesha namba 16 kwenye meza ya chakula amewapa wenzake jambo la kujadili.

Kabla ya kugombana na yeyote, ahakikishe kwamba mtambo wa jengo umewashwa. Niliishi huko kwa misimu miwili ya baridi, na mwaka wa kwanza nilifungua vali ya rejeta, kile kifundo cha kuongeza na kupunguza joto, hadi mwisho kwa siku tatu nikiilaani, chuma kikabaki baridi kama jiwe la ziwani alfajiri. Kumbe boila, mtambo wa kupasha maji ya rejeta ulioko chini ya jengo, ilikuwa bado imewekwa katika hali ya kiangazi, na mwenye nyumba aliigeuza siku ileile nilipompigia simu. Naye binti apige.

Kuhusu gharama, kosa kubwa la wageni liko katika namba zilizoandikwa kwenye vali. Huko namba hizo ni madaraja ya joto la chumba: 2 ni kama nyuzi 16, 3 ni kama 20, 4 ni kama 24, na 5 ni kama 28. Anayegeuza hadi 5 akidhani chumba kitawahi kupata moto anajidanganya, kwa sababu rejeta hupasha kwa kasi ileile, ila haitasimama ikifika 20. Itaendelea hadi chumba kiwe kama Mwanza ya saa nane mchana, halafu atafungua dirisha, na fedha yake itatoka nje. Aiweke kwenye 3 na aiache hapo. Usiku aishushe hadi 2, asiizime kabisa. Kwa makadirio yanayotumika sana nchini humo, kila nyuzi moja inayopunguzwa huokoa takribani asilimia 6 ya nishati ya kupasha nyumba.

Kwa kawaida rejeta ya kila chumba ina vali yake, na hapo ndipo suluhu na wenzake ilipo: yeye apashe chumba chake, na wao wakae na baridi yao wakipenda. Ila mlango wake uwe umefungwa, maana hewa yenye joto na unyevu ikihamia kwenye chumba kilichopoa hugeuka matone ukutani, na baada ya wiki chache huota kuvu nyeusi ambayo mwenye nyumba atamdai mpangaji. Kwa sababu hiyohiyo asianike nguo chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, na mara mbili au tatu kwa siku afungue dirisha wazi kabisa kwa dakika tano hadi kumi, huku vali ikiwa imefungwa, kisha alifunge. Dirisha lililoachwa nusu wazi kutwa nzima hupoza ukuta bila kukausha hewa ipasavyo.

Juu ya ankara, ajue kwamba katika majengo yenye mtambo wa pamoja, sheria ya huko inataka asilimia 50 hadi 70 ya gharama igawanywe kwa matumizi halisi, na inayobaki kwa ukubwa wa makazi. Kukaa na baridi, basi, hakufuti ankara. Hupunguza sehemu yake tu. Wapatane sasa jinsi watakavyogawana, wasisubiri hesabu ya mwisho wa mwaka. Hita ndogo ya umeme asiinunue kwa matumizi ya kila siku. Bei yake dukani ni ndogo, lakini joto la umeme hugharimu zaidi sana kuliko la gesi. Na usimhofie upweke kupita kiasi, mama, kwani Würzburg na Mwanza ni miji dada tangu mwaka 1966, na hatakosa huko mtu anayelijua jina la kwao.

SWALI: Mke wangu amejifungua mwezi Juni, na mama mkwe amekuja kumsaidia. Tunakaa Bugarika, juu kwenye mawe, ambako upepo wa usiku ni mkali. Kila jioni mama huingiza jiko la mkaa chumbani na kuziba matundu ya dirisha kwa vitenge. Anasema mkaa ukishakuwa mwekundu hauna moshi, hivyo hauna hatari. Je, ni kweli?
Baba mpya, Bugarika

JIBU: Si kweli, na jiko hilo litoke leo. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaodanganya, kwa kuwa unaendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Aliye macho ataumwa kichwa, atasikia kichefuchefu na kulegea. Aliyelala huenda asiamke. Matundu yaliyozibwa kwa vitenge yanaongeza hatari. Ikiwa yeyote amekwisha kuwa na dalili hizo asubuhi, mtoke nje nyote na mwende hospitali.

Mtoto avalishwe kofia na soksi, na alale kifuani kwa mama yake mchana anapopumzika, ngozi kwa ngozi, wakiwa wamefunikwa pamoja. Kitanda chake kipashwe kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, nayo iondolewe kabla hajalazwa. Najua wewe ni mkwe na heshima inakufunga ulimi, kwa hiyo jambo hili aliseme mke wako, au mwombe muuguzi wa kliniki alieleze siku mama mkwe atakapowasindikiza. Jiko libaki nje, lichemshe maji ya chupa hiyo, na kazi ya kumpasha mjukuu ibaki mikononi mwa bibi yake.