Ukabaila ulivyoniangusha mwaka wa kwanza

Insha yangu ya kwanza chuoni ilirudi na alama 48. Kwa vyuo vya Uingereza hapo hujafeli, mstari ni 40, lakini kwa mtu aliyeondoka nyumbani na A ya Historia ya Kidato cha Sita, akaagwa na ukoo mzima kwa mbuzi, 48 ni alama ya kujifungia chumbani. Swali lilihusu wakulima wa Uingereza katika karne ya 14. Niliandika kama nilivyofundishwa: utangulizi, hoja sita, hitimisho, na hoja zote sita zilisimama juu ya neno moja, ukabaila, yaani mfumo wa bwana mwenye ardhi na mkulima anayemtumikia. Mwalimu alikuwa amelizungushia penseli kila lilipotokea. Nilihesabu, mara kumi na tisa. Pembeni mwa duara la mwisho akaandika: "Nani? Wapi? Mwaka gani?"

Sasa niko mwaka wa tatu, na wadogo zangu wanaoanza huniuliza wasome nini ili Ulaya ya Zama za Kati isiwasumbue. Jibu langu huwakera kidogo. Nawaambia kabla hujasoma chochote, lile neno kubwa ulilokuja nalo litie mfukoni. Usilitupe, utalihitaji. Likae tu mfukoni mpaka utakapokutana na ng'ombe.

Kwa ng'ombe nitafika.

Waliosoma Tanzania wanaijua ile ngazi ya mifumo ambayo jamii hupanda mmoja baada ya mwingine: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari. Kidato cha Kwanza tulifundishwa kwamba ukabaila kwetu ulikuwa na sura tatu, nyarubanja kwa Wahaya, ubugabire kwa Waha, umwinyi pwani. Kidato cha Tano tukaambiwa Ulaya nayo ilipita hapohapo kabla ya ubepari. Mimi ni mtu wa Muleba, Uhayani, na nyarubanja, yaani kulima kibanja cha bwana na kumlipa, kwetu si mada ya kitabuni tu, kwa hiyo nilijiona nimeshamaliza nusu ya kozi kabla ya kupanda ndege. Wala siidharau ile ngazi. Ilitupa swali zuri, yaani ardhi ni ya nani na anayeilima anabaki na nini. Tatizo ni kwamba swali na jibu vilikuja katika desa moja, ukalikariri jibu na swali likasahaulika.

Halafu unafika chuoni unakuta wenyewe wanagombana. Mwaka 1974 Elizabeth A. R. Brown alichapisha makala akiwataka wanahistoria wenzake waachane na dhana hiyo, kwamba imewalazimisha kuona mfumo mmoja mahali palipokuwa na desturi mia. Mwaka 1994 Susan Reynolds akaja na kitabu kizima cha kuibomoa. Wapo wanaoendelea kulitumia neno hilo na wana sababu zao. Lakini huwezi kuandika mara kumi na tisa neno ambalo watu wanalipigania hivyo, ukalipitia kama unavyopita nyumba ya jirani.

Dawa yangu ilikuwa ukurasa mmoja. Mwishoni mwa 1085, William, yule Mnormani aliyeitwaa Uingereza baada ya vita vya Hastings vya 1066, aliagiza nchi iandikwe. Kazi ikafanyika 1086. Matokeo yake ni kile kitabu kiitwacho Domesday: mabuku mawili ya ngozi, zaidi ya sehemu 13,000 zimetajwa, na lile buku kubwa karibu lote ni mwandiko wa karani mmoja. Picha za kurasa zake ziko mtandaoni bure, na tafsiri ipo. Chagua kijiji kimoja, chochote, ukae nacho jioni nzima.

Utaona maswali waliyotumwa nayo makamishna. Nani alikuwa na ardhi hii zama za mfalme Edward, aliyetawala kabla ya William, nani anayo sasa. Plau ngapi. Vinu vingapi. Msitu nao, sehemu nyingi, haupimwi kwa hatua, unapimwa kwa nguruwe: "msitu wa nguruwe mia", yaani nguruwe mia wanaweza kulishwa humo. Thamani ya mahali iliulizwa kwa nyakati tatu: enzi za Edward, siku William alipompa mtu mahali hapo, na sasa. Swali la mwisho ndilo lililonichekesha peke yangu maktaba: je, hapa panaweza kutoka zaidi ya panapotoka sasa? Mtu yeyote aliyewahi kuwa na duka nyumbani anamfahamu mwulizaji wa swali hilo.

Sasa tazama watu. Kwenye mistari ileile utakuta wakulima waliofungwa kwa bwana, utakuta watu huru, na utakuta *servi*. Hao ni watumwa, wa kuuzwa na kununuliwa, takriban mmoja katika kila watu kumi walioandikwa. Nilikaa kimya hapo. Kwenye daftari langu utumwa ulikwisha ndipo ukabaila ukaanza, kama mabasi yanayopishana stendi. Huyu karani wa 1086 amewapanga wote mstari mmoja, wala hana habari kwamba amevunja ngazi ya mtu.

Na kuna maneno mawili utakayokutana nayo sana ukifungua kurasa za Yorkshire, jimbo la kaskazini: *wasta est*. Ni gofu, hapana kitu. Majira ya baridi ya 1069 kuingia 1070 jeshi la William liliichoma kaskazini kwa sababu ya maasi, chakula na nyumba pamoja. Miaka kumi na sita baadaye karani anapita kijiji baada ya kijiji, *wasta*, *wasta*. Hasemi nani aliunguza. Aliyeamuru kuchoma ndiye aliyeamuru kitabu. Wanahistoria wengine wanatahadharisha kwamba mara nyingine neno hilo lilimaanisha tu kuwa hapakusanyiki kodi, na hiyo ndiyo raha ya kazi hii: maneno mawili, na bado inabidi uulize yameandikwa kwa faida ya nani. Insha yangu ya pili niliijenga juu ya maneno hayo mawili. Sikuwa na hoja sita, nilikuwa na moja, nikapata 64.

Haya, ng'ombe. Vijiji vya Uingereza vilikuwa na mahakama za bwana mwenye ardhi, na makarani waliandika kila shauri kwenye ngozi zilizokunjwa. Ukisoma kumbukumbu hizo, zimetafsiriwa nyingi, utakuta jambo linajirudia mpaka linachosha. Mkulima amefariki. Bwana anachukua mnyama wake aliye bora. Mjane anabaki na kibanda na anaruhusiwa kukaa akilipa. Mahali pengine baba analipa ili aruhusiwe kumwoza binti yake, tena anamlipa bwana, si mkwe. Hapo ndipo nililitoa neno langu mfukoni nikaliangalia upya. Ukabaila ukiutazama kwa karibu ni ng'ombe anayetolewa zizini siku ya matanga.

Nilimpigia bibi simu kumsimulia. Bibi yangu alizaliwa kwenye kibanja cha nyarubanja, kabla serikali haijaufuta mfumo huo kisheria miaka ya 1960. Nilitegemea aseme kumbe na Wazungu. Hakusema hivyo. Aliuliza, "Mjukuu wangu, na aliyekataa kumtoa huyo ng'ombe alifanywaje?"

Miezi mitatu nilikuwa nasoma na swali hilo halikunijia. Ukirudi kwenye zile hati nalo, zinafunguka. Kumbe zimejaa watu wanaokataa: anayetozwa faini kwa kutokwenda kuvuna shamba la bwana, anayesaga nafaka yake nyumbani akikwepa kinu cha bwana, aliyetoroka kijijini na kaka yake anaulizwa yuko wapi. Kila faini ni mtu aliyesema hapana.

Kisha ikaja tauni. Iliingia Ulaya kupitia Messina, Sicilia, mwaka 1347, na Uingereza mwaka 1348. Makadirio ya waliokufa huanzia theluthi na kufika nusu ya watu. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea kwa kuandika kurasa za majipu na maiti. Andika sentensi mbili, endelea, kwa sababu lililo kubwa ni la kesho yake: waliobaki hawatoshi kuvuna, na wanalijua hilo. Wanataka malipo zaidi. Bunge likajibu kwa sheria ya 1351: mishahara irudi ilivyokuwa kabla ya tauni, mvunaji alipwe peni mbili kwa siku wiki ya kwanza ya Agosti, tatu wiki ya pili, na kila mahali patengenezwe mikatale ya kuwafunga wakaidi. Soma sheria hiyo yenyewe, ni fupi. Ukiisoma na swali la bibi unaona kwamba aliyeandika ana hofu.

Tahadhari hapo. Tauni nayo ni neno kubwa, linajibu kila kitu ukiliruhusu. Masika ya mwaka jana darasa letu lilipelekwa Wharram Percy, kijiji kilichohamwa kwenye vilima vya Yorkshire. Unashuka njia ya tope kama kilomita moja, unafika bondeni kwenye kanisa lisilo na paa, na juu yake kuna nyasi tu. Jua lilipolala ndipo nilipoona: matuta yameinuka kidogo, ya mstatili, hili ukuta, huu uwanja, huu mlango. Nilikuwa nimesimama sebuleni kwa mtu. Wenzangu wote tulisema tauni. Hapana. Wachimbaji walirudi pale kila kiangazi kuanzia 1950 mpaka 1990, na habari wanayoitoa ni kwamba kijiji kiliipita tauni kikaendelea kuishi zaidi ya karne. Kaya za mwisho ziliondolewa kuelekea mwaka 1500 ili bwana afuge kondoo. Sufu ilikuwa na bei. Kondoo bado wapo, walikuwa wanatutazama.

Mambo madogo ambayo yangeniokolea muda, niyaseme harakaharaka. Peni kumi na mbili ni shilingi, shilingi ishirini ni pauni, na katika Zama za Kati shilingi ya Uingereza haikuwa sarafu ya kushikwa mkononi, ilikuwa hesabu tu, kwa hiyo usimwandikie mkulima kwamba alitoa shilingi mfukoni. Tarehe kwenye hati mara nyingi hazina namba, zinasema "Jumatatu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli", na hapo mtoto wa parokia anamshinda Mwingereza wa leo: 29 Septemba, nilijua bila kutafuta. Kilatini kinaweza kusubiri mwaka wa pili. "Zama za giza" usiandike kabisa. Ni lugha ya kina Petrarch, mshairi wa Italia wa karne ya 14, na waliomfuata, waliotaka wao waonekane ndio asubuhi, na giza hilo ndilo lililozaa vyuo vikuu vya Bologna, Paris na Oxford, na miwani ya macho pia.

Na miaka, kama haikai kichwani, itundike kwenye ukuta wako mwenyewe. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji. Edward III alikuwa na miaka minne kwenye kiti cha Uingereza. Tauni itafika kwake baada ya miaka kumi na saba. Tangu nilipoitundika hivyo sijaisahau, na imenipunguzia kile kiwewe cha kudhani kwamba mwaka ukitajwa Ulaya basi kwingine watu walikuwa wamelala.

Kilichobaki ni 1381, mwaka wa uasi wa wakulima wa Uingereza, ambayo ukiisoma ya mwisho, baada ya ng'ombe na mikatale, hutahitaji kuikariri. Vita vya Ufaransa vinataka fedha, bunge linatoza kodi ya kichwa kwa mara ya tatu ndani ya miaka minne, safari hii peni kumi na mbili kwa kila mtu aliyepita miaka kumi na mitano. Kwa peni mbili za wiki ya kwanza katika ile sheria ya 1351, hizo ni siku sita za kuvuna. Kodi ya kichwa, neno ambalo wazee wetu hawahitaji kutafsiriwa. Majimbo ya Essex na Kent yanaasi, kiongozi wao Wat Tyler anaingia London na umati, mfalme Richard II ana miaka kumi na minne na anatoka kwenda kuzungumza nao. Tyler anauawa Smithfield tarehe 15 Juni. Lakini acha mfalme, fuata moshi. Sehemu nyingi waasi walipoingia kwa mabwana walitafuta zile ngozi za mahakama, zilizoandikwa nani ni wa nani na anadaiwa nini, wakazichoma. Cambridge walichoma hata hati za chuo kikuu sokoni, na habari zilizobaki zinamtaja mama mmoja mzee, Margery Starre, aliyekuwa akiyarusha majivu hewani na kupaza sauti kwamba elimu ya makarani ipotelee mbali.

Bibi hajui kusoma. Nilipomsimulia habari ya Margery alicheka mpaka akakohoa, akataka nirudie pale pa majivu. Nikarudia. Kisha akaniuliza mimi chuoni nasomea nini hasa, nikamwambia nasoma zile ambazo hazikuungua.