Kijana wa Tabora, hilo bomba usilijaze upepo

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tabora alinitumia picha ya kazi yake. Bomba la PVC la inchi 4, urefu kama mita moja, limezibwa vifuniko huku na huku, koki iko mdomoni, valvu ya tyubulesi imechomekwa ubavuni. Ni mtambo wa kurushia roketi za karatasi kwa upepo. Gundi bado inang'aa. Chini ya picha kaandika: "Kaka, bomba lina chapa ya PN 10, yaani bar 10, karibu psi 145. Mimi nataka kujaza 100 tu. Roketi itafika wapi?"

Nilikaa na simu mkononi kwa muda. Bomba hilo nalijua. Nilitengeneza kama hilo mwenyewe mwaka 2019, hapa Morogoro, kwa hesabu hiyo hiyo na chapa hiyo hiyo.

Mimi ni fundi friji. Geji ndiyo kazi yangu, naisoma kila siku inayokwenda kwa Mungu, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua presha ni kitu gani. Jumamosi ile nilibeba bomba langu mpaka kwa fundi pancha, kwa sababu ana kompresa. Watoto wa mtaa walijaa. Mpwa wangu wa miaka tisa alisimama karibu yangu kuliko wote, maana roketi za karatasi alizikunja yeye na alitaka kuona yake ikiruka. Tulianza na psi 40. Ya kwanza ikapita juu ya nguzo ya umeme, ya pili ikavuka paa la bati la jirani. Watu wakapiga makofi. Akatokea mtu akasema, "Ongeza upepo, fundi!" Nikaongeza.

Mshale wa geji ulikuwa umepita 70 bomba lilipopasuka. Lilitoa mlio wa tairi la lori, na vigae vyeupe vya plastiki vikaruka kila upande kama sahani iliyogongwa sakafuni. Kimoja, kirefu kama kiganja changu, kilimwingia mpwa wangu pajani. Alishonwa nyuzi saba. Dada yangu hakunitukana. Alimbeba mwanawe, akaondoka, na kwa mwaka mmoja na nusu hakukanyaga kwangu. Mtaani wakasema natengeneza bunduki. Neno hilo linanichoma mpaka leo, maana sikuwahi kutaka kumlenga kiumbe chochote. Nilitaka kuona kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu kikienda juu.

Sasa elewa mahali tulipokosea, wewe na mimi. Ile PN 10 ni presha ya maji, tena maji ya baridi, nyuzi joto 20. Maji hayakubali kushindiliwa. Bomba la maji likipata ufa, yanaruka kidogo, presha inashuka papo hapo, unalaani na kumwita fundi bomba. Upepo unashindilika. Kila ukisukuma pampu unaweka nguvu akiba humo ndani, na siku bomba linapopata ufa akiba yote inatoka kwa mara moja. PVC nayo ni ngumu lakini ni kavu, haivimbi ikakuonya, inavunjika vipande. Ukiliacha juani linalegea. Ukiliangusha linapata ufa usioonekana kwa macho. Langu lilikuwa limelala juani tangu asubuhi.

Miezi iliyofuata naiacha, haina cha kusimulia.

Kilichonirudisha ni chupa ya soda. Chupa ya soda, siyo ya maji ya kunywa, maana ile ya maji ni nyembamba na haikutengenezwa kubeba gesi. Chupa ya lita moja na nusu naitia maji nusu lita, naigeuza kichwa chini juu ya kipande cha bomba la chuma la nusu inchi. Bomba hilo kwa nje lina milimita 21 na ushee, linaingia shingoni mwa chupa kama vile vilizaliwa pamoja. Oringi, ile pete ya mpira, inaziba upepo usivuje. Kebo tai, zile tepe za plastiki za kufungia nyaya, zimezunguka shingo na kuikamata, na pete ya plastiki inazibana. Kamba ya mita 10 ikivuta pete chini, kebo tai zinaachia. Upepo unayasukuma maji chini, maji yanaisukuma chupa juu. Ukiipasua chupa hii, na mimi nimezipasua makusudi nyuma ya ukuta ili nione, inachanika kama mfuko. Hata hivyo usiisogelee ikiwa imejazwa.

Najaza kwa pampu ya baiskeli yenye geji. Sivuki psi 60. Chupa yenye mkwaruzo naitupa. Miwani navaa, na watoto wanakaa nyuma ya kamba. Narudia, sivuki 60, hata watu wapige makofi namna gani.

Jumamosi iliyopita dada yangu alikuja na mwanawe, ambaye sasa ananifikia begani. Alisimama mita 50 kutoka mtamboni, ameshika kipimapembe cha karatasi ngumu chenye uzi na nati. Chupa ilipofika kileleni uzi ulikuwa umekaa kwenye nyuzi 40, 50 mara tanjenti ya 40, ikawa mita 42, na kimo cha macho yake juu yake. Alipiga hesabu mwenyewe, kwenye kiganja, kwa kalamu. Mama yake alimwangalia kisha akaniuliza kama na yeye anaweza kuvuta kamba. Nikampa.

Mdogo wangu, najua unataka iende mbali. Sisi wote wa kazi hii tunataka hivyo, na hakuna ubaya. Lakini psi 100 kwenye bomba lile haitakupa kitu ambacho 60 kwenye chupa haikupi, isipokuwa hatari. Usidanganywe na chapa. Usidanganywe na makofi. Usiseme utasimama mbali, kwa sababu kuna mtoto atakayesimama karibu.

Fungua koki na valvu uziweke, utazihitaji. Bomba lenyewe likate kwa msumeno leo kabla hujalala, usimpe mtu na usiliweke uvunguni. Ukimaliza nitumie picha ya vipande, nami nitakutumia vipimo vya pete.